Salamu za Zuurakan

Bishkek, 12 Januari

Mdogo wangu Esenkul,

Pokea salamu zangu, wewe na mkeo Sayra, na majirani wa ng'ambo zote mbili za mto, na yule farasi wako anayechechemea, na hamamu ya kijiji unayoiwashia moto, ambayo naamini bado inavuja. Mimi sijambo, ukiuacha ugonjwa.

Usishtuke kupata karatasi badala ya simu. Simu ameikamata binti yangu Meerim. Tangu niwekewe dripu ya kwanza, watu wa At-Bashy walinipigia mmoja baada ya mwingine, kila mmoja analia, na kila mmoja ananiambia nisilie. Daktari Tsoi akamwambia Meerim kwamba dawa hii inaua ugonjwa, lakini inaua pia chembe nyeupe za damu, zile zinazolinda mwili, na kwamba mgonjwa mwenye mawazo mengi kinga yake hupata tabu zaidi kusimama. "Apunguziwe mawazo," alisema. Meerim akasikia: apunguziwe dunia. Simu kaifungia kabatini. Televisheni inaonyesha samaki tu wanaogelea. Wageni wanaonywa mlangoni wasitaje ugonjwa, kifo, siasa wala bei ya nyama. Basi wanakaa, wananitazama, wanakunywa chai, wanaondoka. Ugonjwa wenyewe unaitwa "kile kitu". Unajua jina la mwanangu maana yake ni huruma. Kanihurumia mpaka nakosa pumzi.

Fikiria, mimi! Mimi niliyetumwa nyumba hadi nyumba kuwapasha watu tanzia, niliyewaambia wajane wa bonde zima kwamba mwewe ameruka kutoka mkononi, kisha nikakaa nao na kuwaimbia mbolezi mpaka machozi yakatoka yote. Leo nafichwa bei ya nyama.

Dereva Kubat ataleta barua hii, na kila akija mjini atabeba majibu yako. Nipe habari za nyumbani, na usizipake asali. Hasa nataka kujua Zuurakan anafanya nini. Najua ameshanyakua misiba yote niliyokuwa naimba mimi. Mwambie aimbe polepole, maiti si viziwi.

Dada yako,
Uulkan


At-Bashy, 23 Januari

Dada yangu Uulkan,

Salamu kutoka kwenye baridi ambayo ukitema mate hayafiki chini yakiwa mate. Sayra anakusalimu. Jirani yetu wa juu anakusalimu, wa chini naye anakusalimu, ingawa wao kwa wao hawasalimiani. Farasi bado anachechemea, ila sasa kabadilisha mguu. Hamamu inavuja. Naiwasha Jumatano kwa wanawake na Jumamosi kwa wanaume, na nimezeeka kwa moshi.

Sayra anakutumia chupa ya mafuta ya mkia wa kondoo. Kijiko kimoja kila asubuhi kabla ya kusema neno. Anasema yanajenga damu, na kwa kuwa utakaa kimya kidogo, yatampumzisha na Meerim.

Ujumbe wako nimemfikishia Zuurakan. Alikuwa mlangoni kwa hamamu na beseni lake kwapani. Alicheka hadi akakohoa. Akasema, nami nanukuu kama ulivyoagiza: "Mwambie kunguru huyo asifanye haraka kurudi. Tangu aende, wafu wa At-Bashy wanapata usingizi." Halafu akaniuliza wanakulisha nini. Nikamwambia supu. "Supu!" akasema. "Nani aliwahi kuimba kwa nguvu ya supu? Watamuua hao." Akaingia ndani akaubamiza mlango.

Kuna kitu kimoja nashindwa kukielewa. Siku hizi huyu mwanamke haondoki hamamuni. Wenzake wakishamaliza na kuvaa, yeye anabaki ndani peke yake mpaka maji yanapoa. Mimi niko nyuma ya ukuta kwenye tanuri, na nasikia... basi, hayo si ya kumwandikia mgonjwa. Anaoga tu. Mtu ana haki ya kuwa msafi.

Je, chembe zako zinasemaje?

Ndugu yako,
Esenkul


Bishkek, 5 Februari

Esenkul,

Salamu kwako na kwa wote walionisalimu, hata kwa hao majirani, kila mmoja peke yake. Meerim hajambo. Anatembea nyumbani kwa vidole vya miguu ili nisishtuke, matokeo yake ananitokea nyuma kama mwizi na roho inaniruka.

Dripu ya pili nimeshawekewa. Nywele zimekwenda zote. Meerim alificha vioo, nikajitazama kwenye sufuria. Mafuta ya Sayra yamefika na nayanywa, mwambie hivyo. Mwandiko ukiuona unatetemeka, ni meza.

Mpelekee Zuurakan jibu lake: "Nywele zangu zimekimbia kwa sababu zilidhani wewe ndiye unayekuja kuniimbia. Na hata hivi nilivyo kipara, kichwa changu kina umbo zuri kuliko sauti yako." Msomee taratibu, aonje kila neno.

Watu wanashangaa kwa nini nahangaika naye. Wewe hukuwepo siku ile tulipokuwa vijana, katika msiba wa mzee wa ukoo wa juu, tulipoitwa sote wawili kwa makosa. Tuliimba kwa kushindana mpaka wafiwa wakasahau kulia wakaanza kuchagua upande. Baadaye tuligombana nyuma ya hema, kidogo tuvuane vitambaa vya kichwa. Ndipo tukaapa. Atakayebaki atamwimbia atakayetangulia. Si kwa mapenzi, alisema Zuurakan, ila kwa sababu hao wengine wataharibu. Tangu siku hiyo hajanipa salamu hata moja, wala mimi sijampa. Tunatukanana tu, na kila tusi linabebwa na mtu wa tatu.

Niambie anafanya nini humo hamamuni. Nimekuwa kama mtoto aliyefungiwa nje ya harusi.

Uulkan


At-Bashy, 19 Februari

Dada yangu mpendwa sana Uulkan,

Salamu nyingi, nyingi sana. Sayra anakusalimu kwa moyo wote. Majirani wote wanakusalimu. Imamu anakusalimu. Mwalimu mkuu anakusalimu. Zuurakan naye anakusalimu sana, anakuombea dua asubuhi na jioni, na anasema wewe ni kama dada yake wa tumbo moja. Kila mtu ni mzima. Hapa hakuna habari yoyote.

Samahani kwa kuchelewa. Theluji iliifunga njia ya mlima wa Dolon, na Kubat alilala njiani na abiria wake. Barua yako ilinifikia juzi.

Kubat ameniambia kitu ambacho hukuniandikia. Anasema alipokuja kuchukua barua hukutoka mlangoni. Anasema Meerim alimpa barua kwa kupitia dirishani, amevaa barakoa, na macho yalikuwa mekundu. Nini hicho? Mimi nakuandikia kila kitu, dada, na wewe unanificha.

Hali ya hewa ni nzuri. Farasi ni mzuri. Usiwe na mawazo hata kidogo.

Esenkul


Bishkek, 25 Februari

Esenkul,

Salamu kwenu.

Nieleze hiyo salamu ya Zuurakan. Aliitoa wapi, akiwa amesimama au amekaa, na kwa maneno yapi. Neno kwa neno. Na tusi langu alilipokeaje?

Barakoa ya Meerim ni mafua ya mjini. Usijali.

Uulkan


At-Bashy, 3 Machi

Dada Uulkan,

Salamu kutoka kwa wote. Theluji imeanza kulegea upande wa jua.

Kuhusu Zuurakan. Aliitoa ile salamu akiwa amesimama. Pia alikuwa amekaa kidogo. Tusi lako nilimsomea na alilipokea kwa utulivu mkubwa. Akasema nikujibu kwamba wewe ni mkaidi kidogo, na kwamba umri umekwenda.

Ng'ombe wake hajambo, Sayra ndiye anayemkamua siku hizi, kwa sababu Zuurakan ana shughuli nyingi.

Meerim anasema daktari anataka uwe na furaha. Tafadhali furahi.

Esenkul


Bishkek, 9 Machi

Esenkul, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Leo salamu utazipata mwishoni, zikibaki.

Wewe ni mpasha tanzia mbaya kuliko wote niliowahi kuwaona, na nimewaona wengi, wakiwemo walevi. "Mkaidi kidogo"! Zuurakan hajawahi kulitumia neno "kidogo" tangu aachishwe ziwa. "Umri umekwenda"! Hilo tusi la mwanamume aliyelitafuta usiku kucha akakosa. Na kabla ya hapo ukaniletea salamu. Ungeniandikia kwamba hajibu, ningedhani amenuna. Ungeniandikia kwamba amenitukana, ningelala. Lakini Zuurakan ananiombea dua? Dada yake wa tumbo moja? Niliposoma mstari huo nilijua palepale kuwa amekufa. Niliendelea kukuuliza kwa sababu nilitaka niwe nimekosea.

Sasa nikuambie na ya kwangu, tulipane. Sikuandika ukweli. Tangu mwanzoni mwa Februari nina homa inayokuja na kuondoka, chembe nyeupe zimeshuka hadi karibu na sakafu, na nimelazwa chumba cha peke yangu hospitalini ambako hata ua haliruhusiwi kuingia. Dripu ya tatu imeahirishwa, imeahirishwa tena. Daktari Tsoi ananiambia zisipopanda hawezi kuniwekea dawa, na dawa isipowekwa kile kitu hakitakaa kutungoja. Sikukuambia kwa sababu ya presha yako. Meerim hakuniambia ya kwako kwa sababu ya chembe zangu. Wewe hukuniambia kwa sababu ya Meerim. Ukoo mzima tumekaa kimya kwa ajili ya afya, na hakuna mzima hata mmoja.

Jana daktari aliniuliza nini kinachonisumbua moyoni. Nikamwambia: utulivu.

Niambie amekufa lini, amekufaje, nani aliyemwimbia. Na arobaini yake ni lini.

Salamu kwa Sayra. Amkamue vizuri yule ng'ombe, chuchu ya nyuma ina hasira.

Uulkan


At-Bashy, 14 Machi

Dada,

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye theluji, kisha nikakaa kwenye theluji. Nisamehe. Meerim alinipigia akaniapisha kwa Kurani, analia, akisema nikikuambia nitakuua. Mimi nawasha moto wa hamamu, dada. Watu kama wewe mnajua namna ya kulizungusha neno mpaka limfikie mtu bila kumvunja. Mimi nilidhani ukimpakata mtu kwa salamu nyingi hatahisi kitu.

Zuurakan alituacha usiku wa Jumatano, tarehe kumi na tatu Februari. Alioga, akaenda nyumbani, akanywa chai, akalala, asubuhi hakuamka. Moyo. Arobaini yake ni tarehe ishirini na tano.

Hakuna aliyemwimbia. Tulisimamisha hema kwenye theluji, wanawake wakaingia, wakaketi wakiutazama ukuta kama ada ilivyo, na wakangojana. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Aliyezoea kuimba alikuwa amelala pale katikati, na mwingine alikuwa Bishkek. Mwishowe walilia hivihivi, kama ndama, bila neno. Sisi wanaume nje tulitamani ardhi itumeze.

Tusi lako lilifika baada ya mazishi. Nilikuwa nalo mfukoni siku tatu, likiniunguza. Halafu nikaona ni amana, nami si mtu wa kula amana. Nikapanda makaburini nikamsomea, taratibu, kama ulivyoagiza, lile la kichwa na lile la sauti. Imamu alikuwa anapita chini, akadhani nasoma dua, akasimama akaitikia amina.

Sasa lile la hamamuni. Sikutaka kukuandikia kwa sababu ni jambo la fedheha, na kwa sababu lingekuuma. Ulipoondoka na kile kitu, kijiji chote kilihesabu kwamba huko ulikokwenda ndiko mwisho wako. Zuurakan pia. Akaanza kujiandaa. Alikuwa anabaki humo ndani kufanya mazoezi ya mbolezi yako, kwa kuwa mle sauti inajirudia vizuri na nyumbani kwake angesikika na watoto. Kila Jumatano. Mimi nyuma ya ukuta nakoleza makaa na dada yangu anazikwa ndani. Siku moja nilibisha hodi nikamwambia, "Mama, huyu mtu yu hai!" Akanijibu, "Ndiyo maana bado narudia. Koleza moto."

Usiku ule wa mwisho pia aliimba.

Esenkul


Bishkek, 19 Machi

Esenkul, ndugu yangu,

Salamu kwako, na kwa Sayra, na kwa kila aliyelia bila maneno.

Nilipomaliza kusoma barua yako niliugeukia ukuta wa chumba changu na nikamwimbia. Kwa sauti yote niliyobaki nayo, kipara, na sindano mkononi. Wauguzi walikuja mbio. Meerim alikuja mbio na barakoa yake, akanifumba mdomo kwa kiganja: "Mama, chembe! Chembe zako, mama!" Daktari Tsoi alisimama mlangoni. Alimwacha Meerim amalize kulia, kisha akamwambia: "Binti, nilisema apunguziwe mzigo. Sikusema aongezewe na mzigo wa kukisia kilichofichwa." Akavuta kiti nje ya mlango akakaa, akanisikiliza hadi mwisho. Watu wa kabila lake walifukuzwa makwao zamani wakaletwa nchi hii, wanajua kulia. Wagonjwa wa vyumba vya jirani nao walikuwa wanalia, kila mmoja na maiti wake. Nililala usiku huo bila kidonge.

Sasa sikiliza kichekesho. Juzi wamenipima, na chembe zimepanda. Daktari anasema ni ile sindano ya kuzipandisha, na kwamba mara nyingi hupanda zenyewe zikipewa muda. Meerim anasema ni matunda ya utulivu wake wa miezi miwili. Mwambie Sayra kwamba mke wa mlinzi wa hospitali anasema ni mafuta ya mkia wa kondoo. Mimi nasema ni Zuurakan. Daktari akacheka, akasema hawezi kuthibitisha wala kukataa, ila niimbe nikitaka, mlango ukiwa umefungwa. Dripu ya tatu nimewekewa jana.

Kuja kwenye arobaini sitaweza. Katika hema lile watu watanikumbatia, watanikoholea, na mbolezi zitakuwa mbili. Kwa hiyo nakuandikia ya kwake, waiimbe wanawake waliozoea kuoga naye. Matusi yote nimeyatia humo, kuanzia lile la nyuma ya hema. Wasiruke hata moja. Inaanza na sauti yake na msumeno, inapitia ng'ombe wake, inaishia hapa:

Umelala mshindani,
nimebaki uwanjani,
nitamtukana nani,
na nani atanijibu?

Na wewe, usinifiche tena. Hakuna binadamu aliyewahi kusikia mbolezi yake mwenyewe, na mimi yangu imeimbwa miezi miwili kwenye hamamu ya ndugu yangu. Wanawake waliokuwa wakivaa viatu nje lazima wameinasa. Niandikie. Nataka kujua kunguru yule mwingine alisema nini juu yangu.

Uulkan


At-Bashy, 28 Machi

Dada Uulkan,

Salamu kutoka kwa watu wote, na safari hii wote ni hai, nimewahakiki.

Arobaini imepita vizuri. Tulichinja farasi, si yule anayechechemea, yeye hakuna anayemtaka. Wanawake waliketi wakiutazama ukuta. Sayra ndiye aliyeanzisha, na lilipofika lile tusi la msumeno, mabega yakaanza kucheza. Kutoka nje tulidhani wanalia. Walikuwa wanacheka, dada, wameziba midomo kwa vitambaa. Lilipofika la ng'ombe, binti mkubwa wa Zuurakan alipiga ukelele wa kicheko, kisha ukelele uleule ukageuka kilio, na hapo ndipo hema zima likalia, kwa maneno, kama inavyotakiwa. Wanaume nje tukajibu kwa kilio. Imamu akasema hajui kama inaruhusiwa, lakini alifuta macho.

Mbolezi yako. Nimewauliza wanawake wote wa Jumatano. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na waligombana hapa jikoni mpaka nikatoka nje. Sehemu kubwa sitaiandika, kwa sababu anakusema ulivyokuwa unakula kwenye misiba, na Sayra anakataa kuuacha mkono wangu uyaandike. Utaisikia ukija. Lakini ubeti wa mwisho wote wanaujua sawa:

Nilikuita kunguru,
midomo ilikufuru,
moyo ulikushukuru...

Basi. Mstari wa nne hakuna. Wanasema kila Jumatano alifika hapo akaishia kuuvumisha puani, mm-mm-mm, kisha anamwaga maji. Mimi mwenyewe nakumbuka, kutoka nyuma ya ukuta. Sayra aliwahi kumuuliza kwa nini hamalizi. Akamjibu: "Huo nitauona siku nitakapomwona amelala mbele yangu." Mwalimu mkuu amejitolea kuutunga, anasema anajua vina.

Sikutaka kukutumia kitu nusu, lakini umesema nisifiche.

Esenkul


Bishkek, 6 Aprili

Esenkul,

Salamu kwako, kwa Sayra aliyeanzisha, kwa binti wa Zuurakan, na kwa imamu. Meerim anawasalimu, na ni yeye anayekuandikia bahasha, maana nimemrudishia kazi. Amenirudishia simu. Nimeiweka kabatini. Barua ni nzuri zaidi, hailii.

Mistari ile mitatu nimeisoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea. Yaani alinishukuru! Miaka yote hiyo, na ilibidi nife kwanza ndipo aniambie, na hata hilo hakulingoja. Nililia kwa hasira. Nilimkumbuka alivyosimama nyuma ya hema, kitambaa kimeshuka shingoni, ananionyesha kidole, na mimi nampenda na sijui. Leo najua, na sina wa kumpelekea.

Mwambie mwalimu mkuu aache vina vyake palepale vilipo. Wala Sayra asithubutu, wala wewe. Mstari ule ulikuwa wa mtu mmoja, na mtu huyo ameondoka nao.

Daktari Tsoi amepita asubuhi na karatasi ya vipimo. Zimebaki dripu tatu, na hakuniahidi kitu, si mtu wa kuahidi. Akaniuliza najisikiaje. Nikamwambia, daktari, nina tatizo la ada. Kwetu mtu hazikwi kwa mistari mitatu, na wa nne hayupo wa kuutunga. Kwa hiyo nitakaa kwanza. Alifikiri, akasema hilo hajalisoma katika kitabu chochote, lakini ataliandika kwenye faili.

Nitakuja mwanzoni mwa majira ya joto, farasi jike watakapoanza kukamuliwa. Ziba hiyo hamamu, nataka kuingia peke yangu wenzangu wakishavaa, nisikie inavyojirudia.

Kabla ya hapo panda makaburini ukamsomee haya, taratibu: "Mvivu wewe. Hata kunizika umeshindwa kumaliza." Usipunguze neno, wala usitie "kidogo". Na akikujibu kwa adabu, usiniandikie.

Dada yako,
Uulkan